Benchi Lisilo na Mgongo

12 Septemba

Shemeji yangu Mpaka Rangi,

Barua yako ya pole nimeisoma hadi mikunjo yake imeanza kuachana. Ahsante. Tangu masikio yako yagombane na simu, karatasi ndiyo imebaki mpatanishi wetu, na mimi sioni hasara. Karatasi haikatiki katikati ya neno.

Mimi mzima. Cherehani inazunguka, sare za shule zinashonwa. Karakana ya kaka yako nimeifunga, ila kila asubuhi naifungua kidogo ili mbao zipumue. Yeye alikuwa akisema mbao zinapumua, na sikuwahi kumuuliza kama ni kweli au ni maneno ya mafundi.

Kuna jambo nimelifanya, na sina mwingine wa kumwambia. Mwezi wa sita, wiki tatu kabla hajatutoka, kaka yako alipata barua ya Jopo la Wananchi. Ni watu mia tano waliochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu kutoka daftari la wakazi wa mji huu. Kila baada ya miezi mitatu ofisi ya jopo huwatumia dodoso: maji yanatoka? Taka zinazolewa? Zahanati inakuhudumia vipi? Majibu yakijumlishwa, wakubwa wanajua wananchi wanaonaje. Yeye alikuwa Mjumbe Nambari 318. Unamjua alivyokuwa: barua ile aliipigilia ukutani kwa misumari minne, na kila pembe akaipima kwanza.

Dodoso la kwanza lilihusu zahanati. Siku hiyo hiyo alikuwa ametoka huko. Faili lake lilipotea, akakaa kwenye benchi saa nne nzima na kile kifua chake. Dodoso likauliza: umeridhika na sehemu ya kusubiri? Viboksi vitatu: nimeridhika, kiasi, sikuridhika. Akachomoa penseli ya useremala nyuma ya sikio, akavitazama vile viboksi kama alivyokuwa akitazama mbao iliyoliwa na mchwa.

"Havinitoshi," akasema.

"Weka alama basi, chai inapoa."

"Mke wangu, nina miaka sitini na sita. Hii ndiyo mara ya kwanza serikali inaniuliza kitu. Unataka niijibu kwa kimkia cha panya?"

Akaandika pembeni ya karatasi, kwa herufi zake za kusimama: Benchi lisilo na mgongo ni la kusubiri dakika kumi, si saa nne. Aliyelitengeneza hajawahi kuugua.

Sasa juzi limekuja dodoso la pili. "Ndugu Mjumbe 318, sauti yako ni muhimu kwetu." Nilisimama nalo mlangoni muda mrefu. Nikiwaambia amefariki watamfuta, na kumbe ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema. Nikachukua penseli yake, nikajibu. Kwa jina lake, shemeji. Jana nimelipeleka posta.

Usinicheke, wala usinigombeze sana.

Shemeji yako,
Mshonaji


3 Oktoba

Shemeji Mshonaji,

Nimecheka, kisha nikanuna, kisha nikacheka tena. Kaka yangu akiwa hai ulishindwa hata kumvalisha tai. Sasa umemwajiri serikalini akiwa kaburini!

Utani tuuweke kando. Jina la mtu si koti lililotundikwa mlangoni, kila apitaye alivae. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe hata uongo wenyewe hukuzaliwa nao, hujui pa kuuficha. Siku wakisema, "Mjumbe 318, njoo tukuone," utampeleka nani? Mimi? Nina masikio mabovu na sijui kushika randa.

Halafu nikuulize. Hivi wewe huna maoni yako? Kwa miaka yote niliyokujua hujawahi kukosa neno. Nilipowapakia rangi chumba chenu, ulisimama mlangoni ukaniambia, "Shemeji, hii rangi ina homa." Sijasahau. Mtu aliyesema vile leo anajificha nyuma ya penseli ya marehemu?

Samahani kwa mwandiko. Barua hii naiandika kidogo kidogo. Jumanne na Ijumaa asubuhi nina shughuli fulani, na huko hakuna meza, naiweka karatasi juu ya goti.

Acha jambo hilo, shemeji. Nakuomba.

Mpaka Rangi


20 Desemba

Shemeji yangu,

Sikuacha. Nimekaa na maneno yako, na yameniuma mahali pake, lakini dodoso la tatu lilipofika nilikuta mkono umeshachukua penseli.

Ila nataka ujue kwamba sibuni. Kaka yako hakuwahi kukata mbao bila kupima mara mbili, na mimi nikijibu kwa jina lake sina haki ya kukisia. Wameuliza habari za taka, nikaenda kusimama jalalani, nikahesabu siku ambazo gari halikuja. Wameuliza habari za zahanati, nikaenda na futi yake ya mkanda. Mabenchi yale yamepangwa katikati ya ukumbi, hata ukuta wa kuegemea hakuna. Kimo chake ni inchi ishirini na mbili. Nikaona bibi mmoja amekaa miguu ikining'inia kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi.

Yule dada wa dirisha la mafaili akaniita. "Mama, unapima nini?"

"Napima subira ya watu."

"Hiyo futi yako itakwisha," akasema, akacheka, na mimi nikacheka. Si mtu mbaya. Nilimwona ana mafaili sakafuni mpaka magotini, kwa kuwa kabati limejaa.

Nakumbuka siku ile ya mwezi wa sita nilimshonea kaka yako mto wa kwenda nao kesho yake. Kitambaa cha buluu, masalio ya sare. Alikuwa akiukunja kwapani kama gazeti. Alisema, "Sasa mimi ni mgonjwa wa daraja la kwanza." Mto ninao bado. Una shimo dogo, pale ulipogusa msumari wa benchi.

Na swali la kumi na nne liliuliza habari za wodi ya wazazi. Hilo sikwenda kupima. Niliandika kutoka moyoni, habari ya muuguzi aliyenishika mkono mpaka mwisho nilipompata mwanangu wa pili. Nikaandika kwamba kila mama anastahili mkono. Nadhani ndilo jibu langu bora kuliko yote.

Hizo shughuli zako za Jumanne na Ijumaa ni zipi? Usiniambie umepata mchumba.

Mshonaji


15 Januari

Ndugu Mjumbe 318,

Kazi yangu ni kuhesabu alama zilizo ndani ya viboksi. Yanayoandikwa pembeni hayaingii katika hesabu, lakini ya kwako nayasoma kabla ya yote. Maneno yako ya mabenchi nimeyanakili katika muhtasari, na watu wa juu yangu wameyaulizia.

Nina swali moja. Daftari letu linaonyesha kuwa Mjumbe 318 ni mwanamume, seremala, miaka 66. Katika jibu la swali la kumi na nne umeeleza jinsi ulivyojifungua mtoto wako wa pili. Nimekaa ofisi hii miaka sita na sijawahi kupata seremala wa namna hiyo.

Tafadhali nipe maelezo kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu baada ya hapo matokeo yanapelekwa kwa Mkurugenzi wa Huduma.

Wako katika kazi,
Karani wa Jopo la Wananchi


22 Januari

Mwanangu Karani,

Sitakuzungusha. Mjumbe wenu alifariki tarehe tisa Julai. Mimi ni mke wake, mshonaji wa sare. Dodoso la pili na la tatu nimeyajaza mimi.

Kifo chake nilikwenda kukiandikisha wiki ile ile, nikapewa cheti chenye mhuri. Mlipomwandikia mwezi wa tisa nilidhani hamna habari kwa sababu ofisi zenu haziambiani. Ningeweza kuwaambia mimi. Sikutaka. Ilikuwa barua pekee iliyoingia nyumbani ikimwita kama mtu aliyepo.

Hakuna nililolitunga. Kila nilichoandika nilikwenda kukiona, ila hilo la kujifungua, ambalo nilikuwepo mwenyewe. Niliposoma barua yako niliona haya mpaka nikageuza uso wangu ukutani, kisha nikacheka, kwa kuwa yeye angecheka hadi akohoe.

Nisamehe kwa kukutia katika hesabu isiyo sawa. Yafute ya kwangu. Lakini lile la kwanza aliliandika kwa mkono wake, akiwa hai na akili zake timamu. Lile naomba msilifute.

Mke wa Mjumbe 318


6 Februari

Mama,

Pole sana kwa msiba, na pole kwamba imechukua miezi saba ofisi yangu kukwambia hivyo.

Nami niseme langu. Niliona mwandiko umebadilika tangu dodoso la pili. Herufi za kwanza zilisimama kama miguu ya meza, na za pili zinainama zote upande mmoja kama zinafuata mshono. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kuendelea kuzisoma. Ni kosa, na nimelieleza kwa mkuu wangu. Ameniandikia onyo, nami nimelistahili.

Uamuzi ni huu. Majibu yako mawili yameondolewa. La kwanza linabaki: lilijazwa na mjumbe halali, na litahesabiwa pamoja na mengine mia nne tisini na tisa. Jina la marehemu tumelitoa kwa heshima. Nafasi ya mjumbe hairithiwi, mama. Hupigiwa kura upya.

Lakini tarehe 19 Machi kutakuwa na kikao cha wazi, matokeo yatakaposomwa mbele ya Mkurugenzi. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kusema kwa dakika tatu. Haulizwi nambari wala mhuri.

Mkuu wa Ugavi anasema suala la mabenchi liondolewe, kwa kuwa ni jibu la mtu mmoja lililoandikwa nje ya kiboksi. Asiposimama mtu kulisemea, litaondolewa.

Njoo. Ila safari hii uje mwenyewe.

Karani


25 Machi

Shemeji yangu,

Keti vizuri ndipo usome.

Nimekwenda. Nilivaa gauni langu la kijivu, mkononi futi ya kaka yako, kwapani mto wa buluu. Mlangoni nilisimama nikaiambia miguu yangu: ninyi mmenibeba miaka sitini na tatu, hamshindwi na ukumbi.

Basi ndani wakubwa wamekaa mbele kwenye viti vya migongo mirefu. Sisi wananchi, kwa kuwa viti vilipungua, tuliletewa mabenchi kutoka ile zahanati ya jirani! Yale yale. Nikatafuta lenye msumari uliochomoza nikakaa juu yake na mto wangu, nikatulia kabisa.

Wakasoma matokeo. Maji, asilimia kadhaa wameridhika. Taa za barabarani, kadhaa kiasi. Karani ni binti mwembamba mwenye miwani, anasoma kama anayehesabu mayai. Alipofika zahanati, Mkuu wa Ugavi akakohoa, akasema, "Hapo palikuwa na oni moja la mabenchi. Tumeliacha."

Nikasimama.

Mkurugenzi akaniuliza, "Mama, wewe ni mjumbe nambari ngapi?"

"Mimi si mjumbe. Mjumbe alikuwa mume wangu, nambari 318, amefariki. Mimi ni mwananchi tu, nambari sina."

Watu wakacheka, lakini kicheko kizuri. Nikatoa karatasi, nikawasomea maneno yake yale mawili, la dakika kumi na la aliyelitengeneza. Kisha nikaikunja karatasi, na hapo ndipo nilipokukumbuka wewe na ile rangi yako yenye homa. Nikasema, "Hayo ni ya kwake. Sasa nasema yangu." Nikawaambia kimo ni inchi ishirini na mbili na kwamba kiti cha binadamu ni kumi na saba. Nikawaambia habari za yule bibi wa miguu inayoning'inia, na kwamba mafaili yanapotea kwa kuwa kabati ni moja na yamelala sakafuni, na dada wa dirishani asilaumiwe peke yake.

Mkuu wa Ugavi akatabasamu. "Mama, serikali ina mambo makubwa. Benchi ni ubao tu."

Nikamjibu, "Na hayo makubwa, baba, tunayasubiri tukiwa tumekalia nini?"

Shemeji, paa lilitaka kuruka! Mzee mmoja nyuma akapiga benchi kwa mkongojo, akasema, "Mjibu, bwana! Mjibu!" Mkuu akaanza kuyapanga upya makaratasi yake.

Mkurugenzi akaniuliza taratibu, "Alikaa saa nne?"

"Saa nne. Na kifua."

Akainuka kwenye kiti chake, akashuka, akaja kukaa benchi la mbele, katikati ya watu. Akasema kikao kiendelee. Kikaendelea saa moja na dakika kumi, nilitazama saa ya ukutani. Mwanzo alikaa kama mwanajeshi. Baada ya nusu saa akawa anahama upande huu na huu kama kuku anayetaka kutaga. Karani aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Kilipokwisha, Mkurugenzi akanijia, mkono mmoja kiunoni, akaniuliza mgongo wa benchi unatakiwa uwe wa inchi ngapi. Nikaifungua futi palepale.

Sijui watafanya au hawatafanya. Lakini nimeisikia sauti yangu ikigonga ukuta wa mbali na kunirudia, na haikuwa ya mtu mwingine.

Mshonaji


14 Aprili

Shemeji yangu, shemeji wa chuma,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya watu kumi na tisa. Nilipofika pa kuku anayetaka kutaga, mmoja alicheka mpaka bandeji ikamlegea.

Ndiyo, bandeji. Umeniuliza shughuli zangu na nimekukwepa miezi yote hii. Nina kidonda mguuni, ni ile sukari. Jumanne na Ijumaa nakwenda kuoshwa. Hospitali ya huku nayo ina benchi, na ukitaka kujua, nalo halina mgongo. Barua zangu zote tangu mwaka jana nimeziandika nikiwa juu yake. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa umezika juzi tu, na sikutaka usikie harufu ya dawa kutoka kwa ndugu mwingine. Nilikugombeza kwa kujificha nyuma ya jina, na mimi nilikuwa najificha nyuma ya utani. Tumetoka sare.

Usihamanike. Daktari anasema kinafunga, polepole, kama fundi asiyelipwa.

Lakini sikia. Nilipomaliza kusoma, muuguzi akauliza, "Huyo mama ni nani yako?" Nikamwambia, "Ni mke wa kaka yangu." Kisha nikaona haitoshi, nikaongeza, "Kaka yangu alikuwa mjumbe. Huyu ndiye aliyesimama." Nilisema kwa sauti ya mtu kiziwi, korido nzima ikasikia. Na wasikie!

Najivunia wewe. Nimeandika, sifuti.

Mpaka Rangi


2 Agosti

Shemeji yangu,

Ungeniambia mapema ningelia mapema, sasa nimelilia yote kwa pamoja. Mguu huo uoshe kila unapoambiwa. Ukikosa siku moja nitajua, na nitakuja huko na hiyo futi.

Habari za huku. Mwezi wa sita walikuja mafundi wawili mlangoni wakiuliza kama hapa ndipo alipokuwa seremala wa viti. Wamepewa kazi ya mabenchi ya zahanati zote sita za mji, wakaambiwa na Karani waje kwangu. Nikawafungulia karakana. Unakikumbuka kile kipande cha ubao mwembamba kilichopinda, alichokuwa akichorea migongo ya viti? Kilikuwa kimetundikwa palepale. Wakakiazima wiki tatu. Wamekirudisha kikiwa na alama za penseli yao juu ya alama za penseli yake.

Jana nilikwenda kukaa. Sikuwa mgonjwa, nilikwenda tu kukaa. Kimo ni inchi kumi na saba. Nikaegemea, na ule mpindo ukanishika mgongoni pale pale alipokuwa akiniwekea mkono tukisubiri kuvuka barabara. Yule bibi alikuwepo, miguu yake imefika chini. Amelala usingizi, mdomo wazi, hajui lolote.

Mafaili bado yanapotea, tusidanganyane. Wameleta kabati moja, walihitaji manne. Nimeliandikia jopo barua, kwa jina langu, kwa kalamu ya wino. Nafasi ya 318 imepigiwa kura, haikuniangukia mimi. Imemwangukia kinyozi wa mtaa wa pili. Nimekwenda kumwambia, "Mwanangu, wakikuuliza, usijibu kwa kimkia cha panya." Akadhani nimechanganyikiwa, lakini aliahidi.

Nimekutumia mto wa buluu, huku hauhitajiki tena. Lile shimo la msumari sikulitia kiraka, nimelizungushia uzi tu lisiongezeke. Jumanne na Ijumaa ukiukalia, mkumbuke kaka yako. Na mimi pia, shemeji, unikumbuke.

Mshonaji